Mlango wa Mlimani Ukitazamwa Kutoka Handeni

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa kilomita 65 hivi, na siku hizi ni lami tupu. Hivi karibuni nilisafiri njia hiyo kwa basi, nikakaa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha Korogwe miaka mingi na kwao ni Handeni. Tulianza na habari za mvua na mahindi, kama ilivyo ada ya safari, tukaishia kwenye Chuo Kikuu. Akaniambia kwamba alipomaliza kidato cha sita alikaa miaka minne kabla ya kuingia Mlimani. Alama alikuwa nazo. Alichokosa ni barua.

Barua hiyo ina historia yake, nayo ndiyo nitakayoizungumza leo.

Chuo chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 12 ya 1970, na tarehe 1 Julai mwaka huo Tanzania ikapata Chuo Kikuu chake. Mkuu wa Chuo akawa Rais mwenyewe. Makamu Mkuu wa kwanza akawa ndugu Pius Msekwa, aliyetoka kuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Hapo funguo zilikwisha kujulikana ziko mfukoni mwa nani.

Ndiyo maana Azimio la Musoma la Novemba 1974 halikuhitaji kwanza mjadala mrefu wa Bunge. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, halafu aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama.

Mwalimu Nyerere alikuwa na sababu. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya JKT, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Alichelea kulea kundi la wasomi wanaojiona wadai wa taifa. Katika hilo, mimi naona hakukosea. Kosa lilikuwa katika ile barua. Sifa za mtu zikawa si alama zake tu, bali pia jinsi anavyoelewana na mkubwa wake. Mzee wangu wa basini alipishana maneno na mkuu wake wa kazi, na barua ikalala mezani mwaka mzima. Wasichana ndio walioumia zaidi. Katika miaka ile ya kungoja wengi waliolewa, na idadi yao Chuoni ikaporomoka, hata mwaka 1976 ikabidi wao waondolewe sharti hilo. Katikati ya miaka ya 1980 masharti yakalegezwa kwa wote.

Nitaipita haraka sheria ya 1984 iliyozaa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Lakini Sheria Na. 17 ya 1992, iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria, haifai kupitwa hivihivi. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Mkata au Magoma aliweza kusomea shahada bila kuacha darasa lake wala shamba lake.

Miaka hiyohiyo, hata hivyo, ilileta neno jipya: kuchangia gharama. Barua ya Chama ilikuwa imekwisha, ikaja risiti ya benki. Sheria Na. 9 ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo, na mwaka 2005 Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 7, ikaleta Tume ya Vyuo Vikuu. Sheria moja moja za vyuo zikafutwa, na vyuo vikawekwa chini ya hati idhini. Kuanzia 2010 Tume ilipokea maombi ya wanafunzi kwa mfumo mmoja wa pamoja, hadi mwaka 2017 vyuo viliporudishiwa kazi hiyo. Chuo cha umma kinachozuiwa kumchagua mwanafunzi wake, halafu kinaambiwa amchague, hakina budi kuuliza bwana wake ni nani.

Binti wa mzee alisoma kwa mkopo, naye sasa ni mwalimu. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato yakawa asilimia 15 ya mshahara. Baba yake alisoma bure akarudi kufundisha, binti anafundisha huku akilipa. Nafuu ilikuja Mei Mosi ya 2021, Rais Samia alipotangaza kuondolewa kwa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo kila mwaka ilikuwa ikilivimbisha deni.

Tulipofika Chanika mzee alishusha mfuko wake wa plastiki, akaufunua kidogo nione. Mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, anayemaliza kidato cha sita, na cheti cha kifo cha baba wa kijana huyo. Vyote viwili vinapaswa kuhakikiwa na RITA kabla Bodi haijaliangalia ombi la mkopo.