Jicho vivu baada ya matibabu: mtoto anaona namna gani, na kazi gani inabaki

Wazazi wengi wakisikia daktari akisema kwamba jicho la mtoto limepata nafuu, wanaweka miwani sandukuni na kuacha kufunika jicho. Mara nyingi hapo ndipo faida ya miezi mingi inapoanza kupotea. Makala hii inaeleza matibabu yanarudisha nini katika uoni wa mtoto, nini kinaweza kubaki na upungufu, na kazi gani inabaki kwa mzazi, mwalimu na kanisa.

Jicho vivu ni nini

Jicho vivu, ambalo madaktari huliita ambliopia, ni jicho lisiloona vizuri kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia. Mtoto hujifunza kuona katika miaka yake ya kwanza, kama anavyojifunza kusema. Jicho moja likituma picha yenye ukungu, ubongo hulipuuza na kutegemea lile la pili.

Sababu kubwa ni tatu: makengeza, tofauti kubwa ya nguvu kati ya macho mawili, na kitu kinachoziba nuru, kama mtoto wa jicho wa kuzaliwa au kope iliyoanguka. Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha jambo hili kwa paka wachanga. Jicho lililofungwa katika majuma ya kwanza lilikuwa zima lilipofunguliwa, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kulipa nafasi jicho la pili. Kazi yao ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kwa hiyo jicho vivu si laana, si uchawi, wala si uvivu wa mtoto mwenyewe.

Matibabu kwa ufupi

Kwanza huondolewa kizuizi: miwani inayofaa, au upasuaji kama kuna mtoto wa jicho. Kwa watoto wengine miwani peke yake hutosha. Wengine hufunikwa jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi, au hutiwa dawa ya matone ya atropini katika jicho lenye nguvu ili lione ukungu kwa muda. Atropini ni sumu ikinywewa. Iwekwe mbali na watoto.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, juu ya watoto 419 wenye umri chini ya miaka 7, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita kufunika jicho na kutia atropini kulileta faida karibu sawa: jicho dhaifu lilisoma mistari kama mitatu zaidi kwenye ubao wa kupimia macho. Mwaka 2003 ilionekana pia kwamba, kwa hali ya wastani, kufunika saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na saa 6. Hili ni neno la faraja kwa mama mwenye kazi nyingi: saa 2 zinazotimizwa kila siku ni afadhali kuliko saa 6 zinazoandikwa kwenye karatasi tu. Lakini hesabu ya saa hupangwa na daktari.

Kinachorudi

Katika hospitali zetu uoni mzuri huandikwa 10/10. Watoto waliotibiwa kabla ya miaka 7 katika utafiti ule wa kwanza walipimwa tena walipofika miaka 15. Kwa wastani jicho lililokuwa dhaifu lilikuwa na 8/10. Hayo ni matokeo mema, na yalidumu. Hata hivyo kwa wengi jicho hilo halikulingana kabisa na lile la pili.

Mtoto mkubwa naye asikatiwe tumaini. Kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12, zaidi ya nusu ya waliopata miwani pamoja na kufunikwa jicho na atropini walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa miwani peke yake, ni robo tu. Kadiri umri unavyoongezeka, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu.

Kinachoweza kubaki

Kusoma herufi moja moja ubaoni ni sehemu tu ya kuona. Mtoto aliyefaulu kipimo hicho anaweza bado kupata shida hizi:

- Kupima umbali na kina. Macho mawili yasiposhirikiana, ni vigumu kudaka mpira, kutia uzi katika sindano, kumimina maji katika chupa au kushuka ngazi haraka.
- Herufi zilizobanana. Herufi ikiwa peke yake anaiona. Ikiwa katikati ya nyingine inachanganyika nazo.
- Mwendo wa kusoma. Watoto wenye jicho vivu husoma polepole kuliko wenzao, hata wakitumia macho yote mawili. Akili haina kosa. Macho hayatulii vizuri juu ya mstari.
- Rangi hafifu, kama chaki iliyofifia juu ya ubao uliochakaa.

Hatari ya kurudi nyuma

Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopona alirudi nyuma ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha matibabu. Kwa waliokuwa wakifunika saa 6 hadi 8 kwa siku na kuacha ghafula, ni kama 4 kati ya 10. Ndiyo maana daktari hupunguza saa kidogo kidogo, na miwani huendelea.

Huku kwetu mashariki, ghafula hiyo mara nyingi haitoki katika uzembe. Jamaa inakimbia vita usiku, na miwani na karatasi za hospitali zinabaki nyumbani. Andika vipimo vya macho na saa za kufunika katika daftari la mtoto, pamoja na karatasi nyingine za maana, au viweke kama picha katika simu ya ndugu mwingine. Mkifika mahali pa usalama, onyesheni karatasi hiyo kwenye kituo cha afya na mwombe kuelekezwa kwenye hospitali yenye huduma ya macho.

Nyumbani, darasani, kanisani

Mzazi: kifuniko kiguse ngozi pande zote, mtoto asichungulie pembeni. Wakati wa kufunika, mpe kazi ya karibu: kuchora, kuchambua maharagwe, kusoma. Kama jicho lenye nguvu linaanza kuona vibaya, au makengeza yanarudi, usingoje siku ya kuonana na daktari. Linda jicho hilo dhidi ya fimbo, mawe na manati, kwa maana akilipoteza atabaki na lile dhaifu tu.

Mwalimu: mkalishe mbele, andika herufi kubwa, mwongezee dakika katika kusoma na katika mtihani. Usiruhusu wenzake wamwite kwa jina la jicho lake. Watoto wengi hutupa kifuniko kwa sababu ya aibu.

Walimu wa Shule ya Jumapili na mama wa kanisa huwaona watoto kila juma, hata wale wasioenda shule. Mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayekasirika jicho moja tu likizibwa, au mwenye mboni nyeupe, apelekwe hospitali upesi. Mboni nyeupe kwa mtoto mchanga ni jambo la kushughulikiwa mara moja.

Neno la mwisho

Katika Marko 8:22-25, kipofu wa Betsaida hakuona vema mara ya kwanza. Watu walionekana kwake kama miti inayotembea, na Bwana Yesu akamwekea mikono tena. Hakuna aliyemlaumu mtu yule kwa kusema kwamba bado haoni sawasawa. Mtoto wetu naye, akisema kwamba herufi zinachanganyika ingawa kipimo ni kizuri, tumsikilize na kumrudisha kwa daktari.