Ilhamu na Kichocheo

Neno ilhamu tumelipokea kutoka Kiarabu, na wajuzi wa lugha hiyo husema kwamba shina lake lina maana ya kumeza, hata mwenye kupewa ilhamu huwa kana kwamba amelishwa jambo likamshukia moyoni asijue limepitia wapi. Wazungu nao, ambao neno lao limetokana na Kilatini, huliwaza jambo hilohilo kuwa ni pumzi iliyopuliziwa ndani ya mtu. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa waangalifu zaidi, kwani wahyi waliwaachia Mitume peke yao, na ilhamu wakaikubali kwa waja wengineo, malenga akiwamo. Kwa vyovyote vile ilhamu hupokewa, wala haiagizwi.

Siku hizi, hata hivyo, utasoma kwamba ziwa limempa mwanafunzi ilhamu, au kwamba muziki ni ilhamu ya kazi. Hapo, kwa rai yangu, yamechanganywa mambo mawili, na la pili lina jina lake: kichocheo, kutokana na kuchochea moto, maana mwenye kuchochea haleti kuni, bali huzifanya zilizopo ziwake.

Mfano mzuri tunao katika wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakapitia Ubwari, ile rasi ndefu inayoukabili mji wa Baraka, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa, na ghuba iliyoko baina yake na bara ingali ikiitwa kwa jina la Burton. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 alinung'unika sana juu ya nyimbo za wapiga kafi, ambazo mmoja alizianza kwa sauti ndefu ya majonzi na wenzake wakamwitikia kwa ukelele. Watu wa pwani wangalimwambia kwamba wimbo wa namna ile ni kimai, kama ule wa mkulima ulivyo wawe, na kwamba haukutungwa kwa ajili ya kumburudisha abiria. Pigo la wimbo ndilo linalolipanga pigo la kafi. Na mikono ikishazoea kwenda yenyewe, akili hubaki na wasaa, ndipo kiongozi wa wimbo hupata nafasi ya kubuni maneno papo hapo, akamtania huyu na kumsifu yule. Sauti ile moja, basi, ilikuwa kichocheo kwa mpiga kafi na adha kwa mgeni wake, jambo ambalo halingewezekana kama ilhamu ingekuwa imo ndani ya sauti yenyewe.

Wataalamu wa zama zetu wamejaribu kulipima jambo hili. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi sonata ya Mozart ya piano mbili, wakaona kwamba uwezo wao wa kuyageuza maumbo akilini umepanda, lakini kwa muda wa dakika 10 hadi 15 tu; watu wakavumisha kwamba Mozart huongeza akili, hata mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, akataka kila mtoto mchanga apewe muziki wa aina hiyo. Lenye manufaa zaidi, naona, ni utafiti wa Ravi Mehta na wenzake wa mwaka 2012, uliodhihirisha kwamba makelele ya kadiri, yapata desibeli 70, husaidia ubunifu kuliko utulivu wa desibeli 50, ilhali yakifika 85 huudhuru.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Baraka anayejiandaa kwa mtihani wa taifa hana haja ya kuyakimbia mawimbi, wala kwaya inayofanya mazoezi kwa mbali, wala kupanda hadi mji wa Fizi milimani kutafuta ukimya. Aihofu redio iliyo karibu na sikio inapoimba maneno anayoyafahamu, kwa kuwa maneno ya wimbo na maneno ya kitabu hugombania njia moja. Akiwa ananakili tu au anachora ramani, hasara si kubwa.

Nawasihi walimu na wafasiri wayaite mandhari, muziki na makelele ya soko vichocheo, kwa kuwa vyaweza kupimwa, kuzidishwa na kupunguzwa, na neno ilhamu waliweke kwa lile lisilopimika.