Swichi hupiga hodi kwanza



Wengi mmeniuliza: kamera ikichomekwa kwenye swichi ya PoE haiwaki, waya ni mzima, fundi anasema imekufa, itupwe? Subirini kwanza, jambo hili lina historia.

Simu za mezani zilipata umeme kutoka kituo cha simu, kiasi cha volti 48, kwenye waya ule ule wa sauti. Zilipokuja simu za intaneti, watu wakataka raha hiyo hiyo. Mwaka 2000 Cisco walitoa swichi zao, kwa utaratibu wao peke yao. Vifaa vya wengine havikuelewana nazo, na kurusha umeme ovyo kungeweza kuunguza kompyuta ya mtu.

Ndipo mwaka 2003 IEEE wakapitisha kanuni ya 802.3af. Swichi hupiga hodi kwa umeme mdogo usiozidi volti 10.1. Kifaa huitikia kwa ukinzani wa ohm 25,000 hivi. Asiyeitikia hapewi kitu. Kanuni za 2009 na 2018 ziliongeza nguvu, lakini hodi ikabaki.

Basi jaribuni waya mwingine na tundu lingine, kisha someni maandishi mgongoni mwa kamera. Ikiandikwa 802.3af nayo haiitikii, hapo fundi ana hoja. Ikiandikwa volti 24 tu, haikufundishwa kuitikia hodi, tafuteni adapta yake. Msiilazimishe kwa volti 48, mtaiua kweli.