Haki Zilizosubiri Mlango wa Mahakama

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, katiba yake haikuwa na sura ya haki za raia. Viongozi wa chama tawala cha TANU waliikataa kwa makusudi: walisema taifa changa lina kazi ya kujenga umoja na uchumi, na serikali haipaswi kufungwa mikono na majaji, ambao wengi wao wakati huo walikuwa wageni. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na aliyekamatwa hakuwa na pa kukimbilia. Katiba ya muda ya Tanzania ya 1965, iliyoweka mfumo wa chama kimoja, ilizitaja haki katika utangulizi tu. Katiba ya 1977 nayo ikafuata njia hiyohiyo. Utu na usawa vilisifiwa kwa maneno mazuri, ila hapakuwa na jaji aliyeweza kuvitumia kubatilisha sheria mbaya. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo: raia halindwi na orodha ya haki, analindwa na kifungu kinachomwonyesha pa kwenda haki hizo zinapovunjwa.

Kifungu hicho kilikuja na Mabadiliko ya Tano ya Katiba, mwaka 1984, baada ya mjadala wa nchi nzima ambamo wananchi, wanasheria na Wazanzibari walidai haki ziandikwe. Ibara ya 12 hadi ya 29 zikataja haki na wajibu. Ibara ya 30(3) ikamruhusu yeyote anayeona haki yake imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, kufungua shauri Mahakama Kuu. Hata hivyo serikali iliomba miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, na mahakama hazikuruhusiwa kuzitumia haki hizo hadi Machi 1988. Muda ulipokwisha, sheria kandamizi nyingi zilikuwa zingali palepale. Ndipo mashauri yakaanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mila iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 ilimnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, haiwezi kuishi pamoja na mila hiyo, na mauzo yakabaki halali. Mwanamke yule hakuhitaji kusubiri Bunge likumbuke kubadili sheria.

Wapo watakaosema kwamba mahakama ni kimbilio la wachache, na kwamba Bunge linaweza kufuta kwa kura kile jaji alichotoa. Ushahidi wao ni mzito. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alimkubalia Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likaibadili Katiba kumzuia mgombea binafsi. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010, kisha Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikaamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa. Sioni kwamba kisa hiki kinathibitisha kuwa mahakama hazina faida. Kinaonyesha kwamba serikali ililazimika kufanya hadharani, kwa kuibadili Katiba yenyewe mbele ya macho ya nchi, jambo ambalo miaka ya sitini lingekwisha kimyakimya. Na madai ya mgombea binafsi hayakufa.

Ndiyo maana upana wa mlango wa mahakama ni jambo la kupigania. Shauri la Rebeca Gyumi, lililoifanya Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kuvikataa vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa, lilifunguliwa na mtetezi wa wasichana, si na msichana aliyeozwa. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ilibadilishwa, ikimtaka mlalamikaji aeleze jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa mabadiliko hayo, msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuolewa ndiye aliyetakiwa kwenda kumtafuta wakili.