Pombe, Usukani na Sheria: Mkuki Uliobaki Mlangoni

Kila mtu wa Ituri anajua kama pombe kwetu si kitu cha aibu. Mtoto akizaliwa, pombe; mahari ikitolewa, pombe; kilio kikiisha, pombe. Ikiwa ya ndizi, ya mtama ao ya mahindi, iliwakalisha watu pamoja. Lakini wazee hawakunywa ovyo. Babu yangu alikuwa anatuambia kama kwenye mlima wao, mtu aliyealikwa kunywa aliacha mkuki na panga inje, mlangoni. Hata shefu aliacha wake. Mgeni akilewa, mwenye nyumba hakumrudishia silaha mpaka asubuhi. Kama aliirudisha, na damu ikamwangika, yeye mwenye nyumba pia aliitwa mbele ya wazee.

Ninaanza na desturi hii juu siku hizi silaha tunayoibeba kwenda kwenye pombe ni gari na pikipiki.

Sheria za pombe zilizoandikwa hazikutoka kwa wazee hao. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels juu ya biashara ya watumwa yalitia sahihi mapatano yaliyozuia pia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Tarehe 10 Septemba 1919, kule Saint-Germain-en-Laye, Ubelgiji na nchi zingine zilikataza pombe kali za biashara kuingia huku. Lakini serikali ziliachiwa nafasi ya kuingiza kiasi fulani kwa ajili ya watu wasio wenyeji. Tuelewe vizuri: sheria iliangalia ngozi ya mnywaji mbele ya kuangalia kile alichofanya.

Ndio wakati magari yalianza kufika kwetu. Zahabu ya Kilo ilikuwa inachimbwa tangu mwaka 1905, na kampuni ya Kilo-Moto ilihitaji barabara, ambazo babu zetu walizilima kwa nguvu, si kwa kupenda. Dereva mweusi wa kamio hakuwa na ruhusa ya kugusa whisky ya bwana wake. Bwana aliyelewa alikuwa na yote mawili, chupa na usukani. Watu wakajifunza jambo moja baya: kama sheria ni ya kumkamata mdogo. Pombe kali ikaingia porini na kupikwa kwa siri. Mpaka leo tunazo kaikpo na lotoko.

Kisha uhuru ulikuja. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile tunayoita Kode ya barabara, ilikataza mtu kuendesha akiwa mlevi. Haikutaja ngozi wala cheo. Mwaka huohuo iliundwa pia tume ya taifa ya kuzuia ajali, CNPR. Nacho kitabu cha sheria za jinai, katika kifungu cha 53, kinampa miezi 3 mpaka miaka 2 ya kifungo mtu aliyeua bila kukusudia, kwa uzembe. Kwenye karatasi, basi, tulirudi kwa wazee: wote waache mkuki mlangoni.

Lakini karatasi haisimamishi gari. Tangu mwaka 1999, vita ilipowaka Ituri, mwenye bunduki ndiye alikuwa Kode. Nani angemwambia ashuke anuse chupa yake? Askari wa Ulaya wa Artemis walifika Bunia Juni 2003, na pole pole Leta ikarudi barabarani. Kisha, tangu tarehe 6 Mei 2021, kwa hali ya dharura ya kijeshi, kesi za jinai za raia zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Mama wa soko aliyejua kidogo njia ya paruke na tribinali ya zamani alipaswa kujifunza njia mpya.

Nieleze yale yaliyonifanya niandike. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa darasa la tano aligongwa usiku na jipu, akafa. Wale waliomwokota walisikia harufu ya pombe kwa dereva. Hakuna aliyempima. Familia ililetewa sanduku, mchele na bahasha. Kabla ya juma kuisha, jipu ile ilikuwa tena barabarani. Mwezi uleule, kijana niliyemfundisha zamani, dereva wa moto, alikunywa, akaanguka peke yake, hakuumiza mtu. Alilala siku tatu amigo. Mama yake aliuzisha mbuzi, akalipa, na hakupewa resi.

Nilipofundisha somo la uraia, mtoto mmoja alisimama: “Mwalimu, ile sheria uliandika kwa tablo, iko ya nani?” Siku ile sikupata jibu.

Wengine wanasema: tuiache sheria hii, iko njia tu ya kukula. Ninakataa. Bila sheria, yule binti hana hata neno la kumtetea. Wengine wanasema tuanze na vijana wa moto, juu ndio wengi. Hao pia waache kunywa, ni kweli. Lakini kijana anayeona jipu ikipita bila kuulizwa hawezi kuheshimu sheria, ataiogopa tu, na woga unaisha kona ikipinda.

Dawa moja ni kipimo. Mwaka 1954, Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, alitengeneza mashine ya kupima pombe katika pumzi. Mwaka 1967 Uingereza iliweka mpaka wa miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Namba haijui uso wala kepi. Lakini mashine peke yake haitoshi. Kenya ilianza kupima madereva kwa nguvu mwaka 2013, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilisema kanuni zilizotumiwa zinapingana na sheria mama ya barabara. Nia ilikuwa njema, lakini msingi haukujengwa sawa.

Kwetu, basi, naomba mambo matatu. Mashine ipime kila mtu, na jipu isimamishwe mbele ya moto. Kila amande iwe na resi. Na kwenye feti zetu, mwenye feti akusanye funguo mlangoni, za mkubwa kwanza, bila haya, maana hilo halingoji Kinshasa.

Yule mtoto sasa amemaliza shule. Kama atasoma kitabu hiki, jibu langu ni hili: sheria ile iko ya binti aliyekuwa anaketi karibu naye. Sisi wakubwa ndio tumeiazima kwa watu wengine.