Sindano ya Kila Mwezi

Kijana wa Kimumu, viungani mwa Eldoret, ambaye vali za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi hushuka mjini, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ilianza mwaka 1917, hospitali ya Waafrika yenye vitanda 60. Dawa ya kumkinga kijana huyo asirudiwe na homa hiyo, penisilini ya benzathini, ilikuja baadaye, miaka ya 1950.

Kufikia hapo, sindano ilikuwa imeshajijengea jina. Miaka ya 1920, nchini Kenya na Tanganyika, wagonjwa wa buba walidungwa dawa za bismathi na aseniki, na vidonda vilivyowasumbua kwa miezi vikakauka kwa muda mfupi. Sifa zikaenea. Watu wakamiminika zahanatini kudai sindano hata kwa maradhi yasiyoihitaji, na uchungu wake ukachukuliwa kuwa nguvu ya dawa. Imani hiyo imewaumiza watoto wengi bila sababu.

Benzathini huuma kweli. Huja ikiwa unga. Ikichanganywa huwa nzito kama maziwa ya mgando, chembe zake huziba sindano nyembamba, na lazima iingie ndani kabisa ya msuli wa tako au paja. Humo huyeyuka polepole kwa wiki 3 au 4, kisha kijana hurudi kudungwa tena. Aliyeathirika moyo hudungwa hivyo kwa miaka 10 au zaidi, pengine hadi afikishe miaka 40.

Akikata tamaa njiani, moyo ndio unaolipa. Katika utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2021, watoto 818 ambao ugonjwa huu wa moyo ulikuwa katika hatua ya mwanzo walifuatiliwa kwa miaka 2: ugonjwa uliendelea kwa 3 kati ya waliodungwa, na kwa 33 kati ya wasiodungwa.

Dawa ya kupunguza uchungu si ngeni. Mwaka 1998 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba unga ukichanganywa na lignokeini, dawa ile ile inayotumika kutia ganzi kabla ya kushona jeraha, badala ya maji, maumivu hupungua na penisilini mwilini haipungui. Mengine hayagharimu kitu: spiriti iachwe ikauke, mahali pa kudunga pabanywe kwa kidole gumba sekunde 10, dawa isukumwe taratibu, na kijana mwenyewe aulizwe anataka upande upi.