Zorro wa Televisheni na Upanga wa Kuumbua

Zorro alizaliwa kwenye kurasa za jarida. Mwaka 1919 mwandishi Mmarekani Johnston McCulley alichapisha katika All-Story Weekly hadithi ya sehemu 5 kuhusu California ya enzi za utawala wa Wahispania. Mchana kijana wa kitajiri hujifanya goigoi asiye na habari. Usiku huvaa barakoa na kuwatetea wanyonge. Haikuwa hadithi ya watoto. Mwishoni Zorro anamuua adui yake, Kapteni Ramón, kisha anajifunua mbele ya watu. Filamu ya Douglas Fairbanks ya mwaka 1920 ilimpa shujaa huyo umaarufu mkubwa, na McCulley akaendelea kumwandikia visa vipya kana kwamba barakoa haikuwahi kuvuliwa.

Televisheni ilikuwa na shida ya aina nyingine: shujaa anayeishi kwa upanga angeingiaje kila wiki sebuleni, mbele ya wazazi na watoto? Kampuni ya Walt Disney ilijibu kwa mfululizo ulioanza kurushwa na kituo cha ABC Oktoba 10, 1957. Kila kipindi kilichukua nusu saa, kwa picha za rangi nyeupe na nyeusi. Kisa kinaanzia mwaka 1820: Don Diego de la Vega anarudi Los Angeles kutoka masomoni Uhispania na kuukuta mji umeshikwa na mkuu wa kijeshi dhalimu, Kapteni Monastario.

Diego, aliyeigizwa na Guy Williams, anajifanya msomi asiyejua kushika silaha. Williams mwenyewe aliijua kazi hiyo. Baba yake alikuwa mchezaji wa upanga na alimfundisha tangu utotoni. Mapambano yalisimamiwa na Fred Cavens, mkongwe aliyekuwa ameyapanga pia yale ya filamu ya Zorro ya mwaka 1940. Upanga wa Disney haukukusudiwa kumwaga damu, bali kuumbua: mkanda unakatwa, kofia inaruka, silaha ya adui inadondoka, herufi Z inabaki imechorwa kwenye nguo yake. Dhalimu aliyechekwa na askari wake mwenyewe ameshindwa vya kutosha, na hakuna maiti ya kumweleza mtoto.

Kicheko ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya mfululizo huo. Sajini Garcia, aliyeigizwa na Henry Calvin, ni askari mnene, mpenda mvinyo, aliyetumwa kumkamata Zorro ilhali moyoni hana ukatili wowote. Diego humnunulia kinywaji na kumchota habari. Bernardo, mtumishi wa Diego, ni bubu anayejifanya pia kiziwi ili watu waropoke siri mbele yake. Mwigizaji wake, Gene Sheldon, alifanya kazi yote kwa uso na mikono, na huenda hakuna aliyemzidi katika mfululizo mzima. Monastario, kwa ubaya wake wote, anasahaulika mapema kuliko hawa wawili.

Vipindi vilifika 78 kabla ya kusimama Julai 1959. Watazamaji hawakuwa wamepungua. Sababu ni kwamba Disney na ABC waligombana kuhusu umiliki na fedha. Vipindi 4 vya saa moja viliongezwa kati ya 1960 na 1961, kisha kazi ikaisha. Mfululizo huo ulipata maisha mapya Argentina, ambako Williams alipokewa na umati mkubwa alipozuru mwaka 1973. Baadaye alihamia Buenos Aires, na huko ndiko alikofia mwaka 1989.

Mwaka uliofuata The Family Channel ilianza kurusha mfululizo mwingine, uliopigwa picha Uhispania, Duncan Regehr akiwa Zorro. Uliendelea hadi 1993 na kufikisha vipindi 88. Diego wa safari hii ni mpenda sayansi, na mwenye baa ya mji, Victoria Escalante, anampenda Zorro bila kujua kwamba ndiye Diego anayemhudumia kila siku. Henry Darrow, aliyeigiza baba yake Diego kuanzia msimu wa pili, aliwahi kuwa Zorro mwenyewe mwaka 1983, katika mfululizo mfupi wa vichekesho wa Disney.

Mwaka 1992 vipindi vya Williams vilitiwa rangi ili virushwe upya. Rangi iliupendezesha mchana wa Los Angeles, lakini usiku, ambao ndio muda wa kazi wa Zorro, unaonekana vizuri zaidi katika picha za awali.